Ghorofa zinapopanda Kariakoo, afya ya jirani na mpangaji inalindwa na nani?

UKIPITA leo Mtaa wa Swahili, Sikukuu, Narung'ombe au Likoma, huhitaji kuambiwa kwamba Kariakoo inajengwa upya. Nyumba ya vyumba sita iliyokuwa na baraza mbele na ua nyuma inazungushiwa mabati, inabomolewa, na baada ya muda panasimama ghorofa: fremu za maduka chini, stoo za mizigo katikati, makazi juu. Pembeni yake bado ipo nyumba nyingine ya zamani yenye familia tano au sita, na watoto wanaotoka shule wanapita kati ya lundo la kokoto na mkokoteni wa nondo.

Mjadala kuhusu mabadiliko haya, magazetini na vijiweni, mara nyingi ni wa fedha: bei ya kiwanja, kilemba cha fremu, mwenye nyumba kapata nini kwa mwekezaji. Ni mjadala halali. Lakini kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba wa ujenzi, na wewe mzazi au mgonjwa ndiye unayeilipa: kikohozi cha mtoto kisichoisha, homa ambayo kipimo cha malaria hakiioni, kliniki ya presha iliyoachwa kwa sababu nyumba imevunjwa na umehamia Chanika.

Wiki hii tuipitie hesabu hiyo, kipengele kwa kipengele. Lengo si kupinga ghorofa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, na watu hao hawawezi kukaa wote kwenye nyumba za chini. Lengo ni kujua madhara gani yanazuilika, nani anapaswa kuyazuia, na wewe ufanye nini wakati unasubiri wengine watimize wajibu wao.

Afya na mipango miji: undugu wa zamani

Jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Wakati wa ukoloni eneo hili lilitengwa kwa ajili ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenganisha na sehemu za Wahindi na Wazungu. Sababu mojawapo iliyotolewa ni afya: kwamba magonjwa yasivuke. Kwa hiyo tangu mwanzo, nani akae wapi mjini na nani alindwe na maradhi vimekuwa swali moja.

Hata hivyo, Kariakoo haikubaki ya watu wa aina moja. Majina ya mitaa yenyewe yanasimulia: Nyamwezi, Kongo, Pemba, Mafia. Wazaramo, Wamanyema, Wangazija, Waarabu na Wahindi walikaa humo, na baadaye Wachaga, Wakinga na Wapemba wakaifanya kuwa kitovu cha biashara. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo, nyumba nyingi za kupangisha za katikati ya jiji ziliingia mikononi mwa Serikali, na leo Shirika la Nyumba la Taifa ni mwenye nyumba mkubwa eneo hilo. Mwaka 2022 shirika hilo lilizindua sera mpya ya ubia na wawekezaji ili kujenga upya viwanja vya aina hiyo. Pamoja na wamiliki binafsi wanaojenga, ndiyo maana kasi unayoiona sasa si ya kupita tu.

Nyumba ya Kiswahili tusiipambe kupita kiasi. Choo kimoja kwa familia sita, moshi wa mkaa uani, chumba kimoja cha baba, mama na watoto wanne: humo kuhara na kifua kikuu vilipata njia. Lakini ilikuwa na mambo mawili ambayo daktari yeyote wa watoto angeyataka. Kwanza, ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani ulipitisha hewa. Pili, mtoto uani hakuwa wa mtu mmoja. Bibi wa chumba cha tatu alimwona akipanda ukuta kabla mama yake hajajua. Tunapobomoa nyumba hiyo tunaondoa choo kibaya, na hilo ni jema. Swali ni kama hewa na macho ya majirani tunavirudisha kwenye jengo jipya, au tunavitupa pamoja na kifusi.

Vumbi linaloingia chumbani

Si vumbi lote ni sawa. Lile unalolifuta mezani, chembe kubwa, huishia puani na kooni. Lile ambalo hulioni ndilo linalofika ndani ya mapafu. Kubomoa ukuta, kukata vigae na zege kwa mashine kavu na kumimina saruji hutoa vumbi la aina zote mbili. Mchanga na kokoto vina silika, na mtu anayevuta vumbi hilo kwa miaka mingi bila kinga anaweza kupata makovu kwenye mapafu yasiyotibika, na uwezekano wake wa kupata kifua kikuu huongezeka. Hatari hiyo ni ya fundi kuliko jirani. Kwa hiyo kama mumeo au kijana wako anakata vigae kila siku, kitambaa alichofunga mdomoni hakimkingi.

Kwa jirani, tatizo la karibu ni njia ya hewa ya mtoto. Mtoto mwenye pumu akiishi mita chache kutoka kwenye ubomoaji, tarajia vipindi vya kubanwa kifua, kukohoa usiku na kushindwa kucheza. Wazazi wengi humpa dawa ya kikohozi ya chupa, ambayo haifungui njia ya hewa iliyobana. Wengine wanaogopa dawa ya kuvuta kwa imani kwamba inamfanya mtoto kuwa tegemezi. Si kweli. Kwa pumu, dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja mahali penye tatizo kwa kiwango kidogo, na ile ya kuzuia, inayotumika kila siku, ndiyo inayopunguza mashambulizi. Muulize daktari mtoto wako anahitaji ipi, na omba uonyeshwe namna ya kuitumia.

Kikohozi na homa kinaweza pia kuwa nimonia. Kipimo unacho nyumbani: saa yenye mshale wa sekunde au simu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Akifikia hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usipite duka la dawa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho hakisikiki sana: rangi. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na rangi zenye madini ya risasi. Zikikwanguliwa kavu, vumbi lake hutua sakafuni ambako mtoto anatambaa na kuweka vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumia zaidi. Nyumba yako au ya jirani inapokwanguliwa, hamisha watoto wadogo siku hizo, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa kavu.

Haya yote yana kinga inayojulikana. Kumwagia maji kifusi kabla na wakati wa kubomoa, kufunika jengo kwa wavu, kukata vigae kwa mashine inayotiririsha maji, kufunika malori ya mchanga. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia ngeni. Mjenzi asipofanya anaokoa fedha ya maji na wavu, na fedha hiyohiyo wewe unaitoa dirishani kwa mfamasia.

Maji ya zege na homa isiyo malaria

Sakafu ya zege ikishamiminwa, mafundi huiwekea maji isikauke haraka na kupasuka. Mara nyingi maji hayo hukaa siku 7 au zaidi. Yapo pia mapipa, mashimo ya msingi, mahandaki ya lifti yaliyojaa mvua, na mabati yaliyolala yakishika maji.

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ambayo pia huitwa kidingapopo, anahitaji takriban siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi mbu anayeruka. Linganisha namba hizo mbili. Mbu huyu anapenda maji yaliyotuama ndani ya vyombo, anaishi karibu na watu, na anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua cha usiku, pamoja na faida yake kubwa dhidi ya malaria, hakimzuii kumuuma mtoto aliyekaa barazani saa kumi alasiri. Mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa na kuanguliwa mvua ikinyesha.

Dar es Salaam inamjua mbu huyu. Jiji lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, ambapo maelfu ya watu waliugua. Sehemu ya maumivu ya milipuko ile ilikuwa kuchelewa kutambua: mtu ana homa kali, anapimwa malaria, majibu yanasema hana, anaambiwa ni taifodi au anarudishwa nyumbani na dawa yoyote ya maumivu.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Homa kali ya ghafla, maumivu makali ya kichwa, nyuma ya macho, viungo na misuli, na wakati mwingine vipele, huku kipimo cha malaria kikiwa safi, mwambie mhudumu wazi: "Je, hii inaweza kuwa dengue?" Wakati unasubiri, tumia paracetamol kwa kipimo sahihi na kunywa maji mengi. Usitumie aspirini, ibuprofen wala diclofenac, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na usidanganyike homa ikishuka. Kwa dengue, hatari kubwa mara nyingi huja siku ya 3 hadi ya 7, homa inapopungua. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au pua, kuhema haraka, mtoto kulegea au kuhangaika: hizo ni dalili za kwenda hospitali mara moja, hata kama mwili umepoa.

Kwenye nyumba yako, mwaga na sugua madumu, ndoo na sahani za maua mara moja kwa wiki, na funika tenki. Lakini usafi wako hauwezi kushinda shimo la jirani lenye maji ya miezi miwili. Hilo ni la mjenzi, na afisa afya wa kata ana mamlaka ya kuingia eneo la ujenzi na kulikagua.

Jengo linapodondoka

Novemba 16, 2024, asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Zaidi ya watu 25 walipoteza maisha, na uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Iliripotiwa kwamba kulikuwa na kazi ya ujenzi ikiendelea sehemu ya chini ya jengo. Waziri Mkuu aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Haikuwa mara ya kwanza katikati ya jiji. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa iliyokuwa inajengwa Mtaa wa Indira Gandhi ilianguka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani.

Huwa tunazungumzia ajali kama hizi kwa lugha ya uhandisi: nondo, msingi, kibali. Kwa lugha ya afya, ni majeraha yanayozuilika, sawa na ya barabarani. Na yana dalili za awali, kama ugonjwa. Ufa mpya unaopanuka wiki hadi wiki, hasa wa mshazari kwenye pembe za milango na madirisha. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ghafla unakwama. Sakafu inainama. Jirani anachimba msingi au chumba cha chini pembeni mwa ukuta wako bila kuweka nguzo za kuushikilia. Ukiona haya, toa watu kwanza, halafu piga simu. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Jambo moja la kitabibu wengi hawalijui. Mtu aliyebanwa mguu au mkono kwa saa kadhaa chini ya kifusi anaweza kutoka akizungumza na kuonekana mzima. Misuli iliyobanwa, damu inapoanza kupita tena, huachia kemikali zinazoweza kusimamisha moyo au kuharibu figo. Kwa hiyo hata kama anasema hajaumia, apelekwe hospitali, na mkojo wake uangaliwe: ukiwa mchache au wa rangi ya chai, ni dharura.

Kuishi juu

Sasa tuseme jengo limeisha, liko imara, na wewe umepata makazi ghorofa ya tano. Choo chako mwenyewe, bomba lako, umepumzika na foleni ya uani. Afya imepanda ngazi moja. Zipo hatari mpya ambazo mtu wa nyumba ya chini hakuzizoea.

Ya kwanza ni kuanguka. Mtoto wa miaka miwili hana wazo la kimo. Pima nafasi kati ya vyuma vya ukingo wa roshani na ngazi: isizidi sentimita 10, kwa sababu kichwa cha mtoto kikipita, mwili hufuata. Usiache kiti, ndoo iliyopinduliwa wala kitanda chini ya dirisha. Wavu wa dirishani ni wa mbu. Haubebi uzito wa mtoto anayeuegemea.

Ya pili ni mkaa. Jiko lililokuwa linawashwa uani sasa linawashwa jikoni penye dirisha dogo, au kwenye korido. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Jenereta iliyowashwa chini ya ngazi hutoa gesi hiyohiyo na kuipeleka juu. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, usifikirie chakula kibovu tu. Tokeni wote, fungueni madirisha, na mwende hospitali mpate oksijeni.

Ya tatu ni moto. Majengo mengi ya Kariakoo yanachanganya watu na bidhaa: nguo, plastiki, magodoro. Soko Kuu lenyewe liliungua Julai 2021. Mizigo ikijaa kwenye ngazi, au mlango wa nyuma ukifungwa kwa kufuli kwa hofu ya wezi, njia ya kutokea haipo. Moshi huua kabla ya moto. Leo jioni, tembea na watoto wako kutoka mlangoni kwako mpaka barabarani kwa ngazi, si kwa lifti, na uone unakwama wapi.

Ya nne ni hewa. Jengo lililobanana ukuta kwa ukuta, vyumba vyenye dirisha linalotazama ukuta mwingine, ni rafiki wa kifua kikuu, na Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Fungua madirisha ya pande mbili inapowezekana, hasa saa ambazo kazi ya ujenzi jirani imesimama. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kupungua uzito, nenda ukapime. Vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya Serikali. Kama mtu mzima nyumbani amegundulika, mtoto wa chini ya miaka 5 apelekwe hata kama hana dalili, kwa sababu ipo dawa ya kumkinga.

Ya tano haipimwi maabara: usingizi na upweke. Mwaka 2025 Kariakoo ilizindua biashara ya saa 24. Kwa mfanyabiashara ni neema. Kwa mtoto wa darasa la pili anayelala juu ya mtaa unaopakua makontena saa nane usiku, ni masomo yaliyopotea, na kwa mgonjwa wa presha, usingizi mbovu unaifanya kazi ya dawa kuwa ngumu. Naye mama aliyejifungua, aliyezoea uani kuna wa kumpokea mtoto akaoge, sasa amefunga mlango wa chuma peke yake mchana kutwa. Usiyadharau machozi yasiyoisha baada ya wiki mbili za uzazi. Sonona ya uzazi inatibika, na dawa yake ya kwanza ni mtu wa kubisha hodi.

Anayehamishwa anahama na matibabu yake

Kipengele hiki ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu hakionekani. Nyumba ikivunjwa, jengo jipya tunaliona. Wapangaji waliotoka hatuwaoni. Wametawanyika Mbagala, Chanika, Kivule. Ndani yao yumo mzee aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Mnazi Mmoja kuchukua dawa ya sukari, dada aliye mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu zinazochukua miezi sita, na mtoto aliyepata chanjo ya surua ya miezi 9 na anasubiri ya miezi 18. Nauli ya kurudi mjini inakuwa kubwa kuliko thamani anayoiona kwenye kidonge kimoja, na anaacha. Dawa ya kifua kikuu iliyokatishwa inaweza kuzaa ugonjwa sugu. Presha iliyoachwa inaishia kwenye kiharusi, na kiharusi hicho hakiandikwi popote kwamba kilianzia kwenye notisi ya kuhama.

Tunao mfano wa karibu wa namna jambo hili linavyoweza kuchukuliwa kwa uzito zaidi, na pia gharama ya kuchelewa. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa nyumba za zamani zikabomolewa, na ilichukua takriban miaka 10 hadi nyumba mpya za ghorofa zilipozinduliwa mwaka 2022 na kaya hizo kupewa haki ya kurudi. Haki ya kurudi ilikuwa jambo kubwa. Wapangaji wengi wa Kariakoo hawaioti. Lakini miaka 10 ni mtoto kuzaliwa na kufika darasa la nne, na mzee kufa. Makubaliano yoyote ya kuendeleza kiwanja yanayotaja mgawanyo wa fremu bila kutaja wapangaji wanakwenda wapi na lini wanarudi, yameacha nje sehemu ya gharama.

Kama umepata notisi, fanya haya kabla ya kufunga mizigo. Nenda kliniki yako, omba barua ya uhamisho na dawa za kukutosha mwezi. Wagonjwa wa kifua kikuu na wanaotumia ARV huhamishwa kwa utaratibu rasmi na huko uendako watakupokea. Kadi ya kliniki ya mtoto ibebe mkononi, si kwenye kirobota. Chanjo yake itaendelezwa kituo chochote cha Serikali, na hata kama tarehe imepita, haianzwi upya. Piga picha ya kila kadi na kila pakiti ya dawa kwa simu.

Maswali ya kuuliza mtaani kwako

Wenyeviti wa mitaa nchini walichaguliwa Novemba 27, 2024, siku 11 baada ya jengo la Kariakoo kuanguka. Kwa hiyo unaye mtu uliyempa kura, na mkutano wa mtaa ndio mahali pake. Usiende na malalamiko ya jumla kwamba "wanatutesa". Nenda na maswali yanayojibika.

Kibao cha mradi kiko wapi, na mkandarasi, mhandisi na msanifu walioandikwa wanajulikana na bodi zao? Kibali ni cha ghorofa ngapi, na zinazojengwa ni ngapi? Vumbi litadhibitiwaje, na kazi ya kelele inaisha saa ngapi? Nani anamwaga maji yaliyotuama, siku gani ya wiki? Ukuta wa jirani unashikiliwa na nini wakati wa kuchimba? Wapangaji waliopo wamepewa muda gani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Yasipotekelezwa, peleka nakala kwa afisa afya wa kata na kwa halmashauri ya jiji. Kwa uchafuzi wa mazingira, lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na kwa usalama wa mafundi, ipo OSHA.

Zaidi ya hapo, halmashauri ina nafasi ya kufanya jambo moja rahisi: masharti ya vumbi, maji na njia za kutokea yawe sehemu ya kibali, na afisa afya awe na sauti ya kusimamisha kazi kama ilivyo kwa mhandisi. Mwekezaji anayemudu lifti na vioo anamudu wavu na pampu ya maji. Gharama hiyo ikiwekwa kwake mwanzoni, ni ndogo. Ikiachwa mtaani, inagawanywa kwa watu wasio na uwezo, mtoto mmoja mmoja, kikohozi kimoja kimoja.

Na kwa wiki hii, mzazi, anza na mambo matatu yasiyohitaji kibali cha mtu: mwaga maji yote yaliyotuama nyumbani kwako, pima nafasi za vyuma vya roshani, na piga picha kadi za kliniki. Maelezo haya hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Mtoto akihema haraka, akilegea au akitoka damu, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri kesho.